Kanuni ya mnyororo kwenye mistari mitatu ya namba

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tano swali hili: y = (x² + 1)³, tafuta kiwango cha badiliko la y pale x inapokuwa 1. Mmoja ataandika 24, naye amepata. Mwingine ataandika 12. Mwingine ataandika 6, na huyu wa 6 ndiye wa kutazamwa kwa makini kuliko wote. Anajua kwamba x² + 1 ikiitwa u, basi u³ hutoa 3u². Anajua kwamba x² + 1 hutoa 2x. Anajua hata kwamba viwango hivyo viwili huzidishwa. Kilichompotea ni jambo moja: 3u² ilitakiwa ipimwe pale u ilipo, yaani kwenye 2, yeye akaipima pale x ilipo, yaani kwenye 1. Akapata 3 × 1² × 2 = 6 badala ya 3 × 2² × 2 = 24.

Kosa hilo haliondoki kwa kuiandika fomula ya kanuni ya mnyororo ubaoni mara ya pili. Maandishi ya Leibniz, mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 17, dy/dx = dy/du × du/dx, ni matamu kwa macho kwa sababu du zinaonekana kama zinakatana, lakini hayasemi kila kiwango kinapimwa wapi. Maandishi mengine, f′(g(x)) · g′(x), ambapo g ni fanksheni ya ndani na f ya nje, yanasema, ila yanasema ndani ya mabano yaliyo ndani ya mabano, na jicho la mwanafunzi hupita juu yake. Hapo ndipo skrini inapopata kazi halali ya kufanya darasani: kuonyesha mahali.

Katika makala haya, neno "derivativi" linamaanisha fomula, kama 2x au 3u². "Kiwango" ni namba inayopatikana fomula hiyo inapopimwa mahali fulani. Kuyatenganisha maneno haya mawili tangu dakika ya kwanza ya kipindi kunapunguza nusu ya mkanganyiko.

Baiskeli kwanza, kisha iache

Jina la kanuni linakaribisha baiskeli, na baiskeli inafaa kwa dakika tano za mwanzo. Chukua gia ya mbele yenye meno 48 na gia ya nyuma yenye meno 16. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 3. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa kama mita 2.2, kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedeli unaisogeza baiskeli mita 3 × 2.2 = 6.6.

Waulize wanafunzi kwa nini tunazidisha na hatujumlishi. Vizio vinajibu: mizunguko ya gurudumu kwa kila mzunguko wa pedeli, mara mita kwa kila mzunguko wa gurudumu, unabaki na mita kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukijumlisha 3 na 2.2 unapata 5.2 isiyo na kizio chochote.

Baada ya hapo iache baiskeli. Gia zake hutoa 3 wakati wote, uwe umeanza safari sasa hivi au uko kilomita ya kumi. Mwanafunzi akizoea mfano huu peke yake, swali la "tunapima wapi?" halimjii kabisa, na ndilo linalomwangusha kwenye x² + 1.

Kujenga mistari mitatu

Programu inayofaa zaidi kwa mazingira yetu ni GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, mwaka 2001. Ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na toleo la Classic 5 husakinishwa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti. Shule yenye kompyuta mpakato moja na projekta moja inatosha.

Wengi wakisikia kanuni ya mnyororo hukimbilia grafu tatu na tanjenti zake. Grafu zina nafasi yake, lakini kwa somo hili zina tatizo: mhimili ukivutwa ili y ya 14 itoshe kwenye skrini, tanjenti yenye mwinamo wa 12 inaonekana imelala, na mwanafunzi anaamini macho kuliko namba. Mistari ya namba iliyolala sambamba haina shida hiyo. Wa juu ni wa x, wa katikati ni wa u, wa chini ni wa y. Kila namba ya juu inamwaga alama yake kwenye mstari unaofuata.

Andika haya kwenye sehemu ya kuingizia, moja baada ya jingine:

g(x) = x^2 + 1
f(x) = x^3
P = (a, 4)
Q = (a + k, 4)
R = (g(a), 2)
S = (g(a + k), 2)
T = (f(g(a)), 0)
V = (f(g(a + k)), 0)

Kabla ya kuandika P, tengeneza vitelezi viwili, yaani vidhibiti vya kuvuta vinavyobadilisha namba. Kitelezi a, mahali x inapoanzia, kiende kutoka −1.2 hadi 1 kwa hatua ya 0.01. Kitelezi k, kiasi ambacho x inasogea, kiende kutoka 0.001 hadi 0.2 kwa hatua ya 0.001. Ficha grafu za g na f, chora mistari y = 4 na y = 2, kisha washa gridi. Gridi hiyo moja ndiyo rula ya mistari yote mitatu, kwa sababu mistari yenyewe haina alama za namba isipokuwa wa chini. Weka dirisha lionyeshe kutoka −2 hadi 16 kwa mlalo. Unganisha P na Q kwa kipande kinene cha bluu, R na S kwa cha kijani iliyokolea, T na V kwa chekundu. Halafu ongeza namba tatu: m ni badiliko la u kwa badiliko la x, n ni la y kwa la u, na w ni la y kwa la x:

m = (g(a + k) − g(a)) / k
n = (f(g(a + k)) − f(g(a))) / (g(a + k) − g(a))
w = (f(g(a + k)) − f(g(a))) / k

GeoGebra ikifunguliwa mara ya kwanza hukata namba kwenye desimali mbili. Nenda kwenye mipangilio uweke nne, la sivyo safari nzima ya kukaribia 24 itaonekana kama inarukaruka. Ongeza pia ukubwa wa maandishi hadi 24 au zaidi. Maandishi ya kawaida ya programu hayasomeki kutoka dawati la nyuma, na projekta kwenye chumba chenye madirisha mapana hufifisha rangi zote nyepesi. Njano na kijani cha majani machanga hupotea kabisa.

Kuiendesha mbele ya darasa

Weka a = 1 na k = 0.1. Usiguse kitu kingine. Waambie wanafunzi waandike kwenye daftari urefu wa kipande cha kijani na chekundu kabla hujaonyesha namba. Kikokotoo kinatosha: u inatoka 2 hadi 2.21, y inatoka 8 hadi 10.7939. Kipande cha bluu cha 0.1 kimekuwa cha kijani cha 0.21, kisha chekundu cha 2.7939. Sasa onyesha m, n na w: 2.1, 13.3041 na 27.9386. Wakague wenyewe kwamba m × n = w.

Kisha punguza k. Jedwali hili liandikwe ubaoni kwa chaki, hata kama skrini inalionyesha, kwa sababu umeme ukikatika jedwali litabaki:

k = 0.1: m = 2.1, n = 13.3041, w = 27.9386
k = 0.01: m = 2.01, n = 12.1210, w = 24.3632
k = 0.001: m = 2.001, n = 12.0120, w = 24.0360

Vipande vyenyewe vitakuwa vimekwisha kuonekana muda mrefu kabla ya kufika 0.001, na hilo si tatizo. Picha imekwisha kufanya kazi yake kwenye 0.2 na 0.1, na kutoka hapo namba zinapokea kijiti. Mwalimu anayekuza skrini kila mara ili vipande vionekane hupoteza gridi, na pamoja nayo hupoteza mahali, ambako ndiko tulikokuja kuangalia.

Sasa uliza swali la msingi: 12 imetoka wapi? Wengi watasema "3u²", na ni kweli, lakini sukuma zaidi: 3u² pale u ni ngapi? Onyesha kwa fimbo alama R. Imesimama kwenye 2 ya mstari wa katikati. Hakuna aliyesimama kwenye 1 ya mstari ule. Yule aliyeandika 3 × 1² alipima kunyumbuka kwa f mahali ambapo mnyororo wetu haupiti. Mwache aone hilo kwa macho yake kabla hujampa maneno. Kuna tofauti kubwa kati ya mwanafunzi aliyeambiwa "usisahau kuweka ya ndani" na mwanafunzi aliyeona alama imesimama kwenye 2.

Vuta a taratibu kuelekea kushoto. Mambo mawili yanastahili kusimamishwa hapo.

La kwanza ni a karibu na 0. Weka k = 0.001 na a = 0. Sasa m inasoma 0.001, n inasoma 3, na w inasoma 0.003. Kiungo cha pili kinafanya kazi yake kama kawaida, lakini cha kwanza kimesimama, na mnyororo mzima umesimama. Hapa jina la kanuni linajieleza lenyewe.

La pili ni a = −1. Alama ya bluu ikisogea kulia, ya kijani inasogea kushoto, na nyekundu nayo inakwenda kushoto. Ukipunguza k, m inakaribia −2, n inakaribia 12, w inakaribia −24. Wanafunzi wanaopoteza alama ya kutoa wanafaidika sana na picha hii, na wanafaa kuambiwa kwamba hawako peke yao: Leibniz mwenyewe, alipoitumia kanuni hii mwaka 1676 kwenye kipeuo cha pili cha a + bz + cz², alikosea alama.

Mwanafunzi makini akikichezea kitelezi mwenyewe anaweza kugundua jambo la tatu. Weka k = 0.1 na a = −0.05. Programu itaweka alama ya kuuliza mahali pa n. Sababu ni kwamba g(−0.05) na g(0.05) ni sawa, kwa hiyo u haikusogea, nasi tunagawanya kwa sifuri. Usilifiche. Hilo ndilo pengo la ule uthibitisho mwepesi wa "du zinakatana": unadai u isogee kila x inaposogea, na u haijatoa ahadi hiyo. Kwa g(x) = x² + 1 pengo huzibika, kwa kuwa ukisimama mahali pamoja na kuipunguza k, kuanzia hatua fulani u haitarudi tena ilipoanzia. Kwa fanksheni kama x² sin(1/x), ikipewa 0 pale x ni 0, u hurudi kwenye 0 mara zisizo na idadi karibu na hapo, na uthibitisho lazima uandikwe upya bila kugawanya kwa Δu, yaani badiliko la u. Darasa la kawaida halihitaji uthibitisho huo. Anayeuliza anastahili kupewa jibu la kweli.

Ipi ya ndani, ipi ya nje

Mkanganyiko mwingine hauhusu viwango. Mwanafunzi hajui akate wapi. Njia ya kuaminika ni kikokotoo: chukua x = 1.5, kokotoa y kwa vidole, na uorodheshe matendo kwa mfuatano. Tendo la mwisho ndilo la nje. Kwa (x² + 1)³ unapandisha kwenye kipeo cha pili, unajumlisha 1, mwisho unapandisha kwenye kipeo cha tatu, basi kipeo cha tatu ndicho cha nje. Kwa sin(x²) tendo la mwisho ni sin. Kwa (sin x)² ni kipeo cha pili. Kwa x sin x tendo la mwisho ni kuzidisha vitu viwili vyenye x, na hapo kanuni ya mnyororo siyo inayotakiwa kwanza, bali kanuni ya kuzidisha. Wanafunzi wa tahasusi za PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) tayari wanavyo vikokotoo vya kisayansi, kwa hiyo zoezi hili haligharimu kitu.

Kwenye GeoGebra, sisitiza mabano siku zote. Mwanafunzi aandike sin(x^2) au (sin(x))^2, asiandike kitu cha katikati kinachotegemea programu itakavyokisoma.

Kura, na namba zinazoficha makosa

Baada ya skrini, darasa lipige kura. Swali: derivativi ya sin(x²) ni ipi?

A: 2x cos(x²)
B: cos(x²)
C: cos(2x)
D: 2x cos(x)

Kila jibu lisilo sahihi linabeba kosa lake. B amesahau kiungo cha ndani. C amebadilisha ya ndani papo hapo, akaiweka derivativi mahali pa fanksheni. D ni ndugu wa yule wa 6: amepima ya nje kwenye x. Kura ikihesabiwa, mwalimu anajua ni ugonjwa upi ulioko darasani, jambo ambalo swali la "mmeelewa?" haliwezi kumwambia.

Vifaa vya kura vinaweza kuwa vya bei yoyote. Kadi za Plickers huchapishwa kwenye karatasi, kila mwanafunzi ana yake, naye huigeuza upande wa herufi anayoichagua. Simu moja ya mwalimu husoma darasa zima kwa kamera. Hilo linafaa kwa shule ambazo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Chapisha kwenye karatasi ngumu, na waonye wasifunike mchoro kwa vidole, la sivyo kamera haisomi. Pasipo na simu wala umeme, kila mmoja ainue vidole kifuani, kimoja kwa A hadi vinne kwa D, wote kwa pamoja ili wasiangaliane. Utaratibu uliotangazwa na Eric Mazur wa Harvard unafaa hapa bila kubadilishwa: kila mmoja apige kura peke yake kimya, wajadili na jirani kwa dakika mbili au tatu, wapige tena. Kura ya kwanza isionyeshwe. Wakiona wengi wako B, watahamia B bila kufikiri.

Kisha wakague kwa namba, na hapa kuna mtego unaowanasa hata walimu wazoefu. Namba rahisi ndizo zinazoficha makosa. Ukikagua kwenye x = 1, A na D hutoa kitu kimoja, 1.0806, kwa sababu x² na x ni sawa pale. Ukikagua kwenye 0.5, A na B hulingana, kwa sababu 2x ni 1. Ukikagua kwenye 2, B na C hulingana, kwa sababu x² na 2x zote ni 4. Aliyechagua D akijikagua kwenye 1 atafunga daftari akiwa na uhakika.

Tumia 1.5. Hapo A hutoa −1.8845, B −0.6282, C −0.9900, D 0.2122, na hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake. Kisha pima kwa kugawanya: toa sin(1.5²) kutoka sin(1.501²), gawanya kwa 0.001, na uone ni jibu lipi linakaribiwa. Hata mfano wetu wa mwanzo una doa hili. Kwenye (x² + 1)³ pale x ni 1, aliyesahau ya ndani anapata 3 × 2² = 12, na aliyeweka 2x ndani ya mabano anapata 3 × (2 × 1)², ambayo nayo ni 12. Kwa hiyo ukiona 12 kwenye daftari, usikisie. Omba hatua.

Kiungo cha tatu

Kwa y = sin³(5x) ongeza mstari wa nne kwenye skrini: x, kisha v = 5x, kisha u = sin v, kisha y = u³. Wengi huishia njiani na kuandika 3 sin²(5x) cos(5x). Wamefungua milango miwili kati ya mitatu. Waambie waandike namba ya kila mstari kabla ya fomula yoyote. Kwa x = 0.1, v ni 0.5, u ni 0.4794, y ni 0.1102. Viwango vitatu ni 5, cos 0.5 ambayo ni 0.8776, na 3 × 0.4794² ambayo ni 0.6895. Kila kimoja kimepimwa kwenye namba ya mstari wake. Zao lake ni kama 3.026.

Kikokotoo kinapobisha

Kwenye hesabu hizi za sin, daima kutakuwa na mwanafunzi ambaye majibu yake hayafanani na ya mtu yeyote. Mwombe akokotoe (sin 0.001 − sin 0) ÷ 0.001. Wenzake wanapata 1. Yeye anapata 0.01745. Kikokotoo chake kiko kwenye digrii.

Mwalimu aliye na haraka humwambia abonyeze kitufe cha radiani, na somo linaendelea. Lakini kuna dakika tano nzuri sana hapo. Kikokotoo cha digrii hakikokotoi sin x. Kinabadilisha kwanza x kuwa radiani, kwa kuzidisha na π/180, ndipo kinatafuta sin. Kuna kiungo cha ndani ambacho hakuna aliyekiandika. Kiwango cha kiungo hicho ni π/180, yaani 0.01745, na kiwango cha sin kwenye 0 ni 1. Zidisha.

Chora mistari mitatu ubaoni, wa digrii juu, wa radiani katikati, wa sin chini, umpe chaki yeye mwenyewe aziweke alama.